Muda wa Kusubiri ni Mali: Jinsi Madirisha na Konsoli Zinavyogawana Kompyuta Moja

Mhadhara kwa walimu, wanafunzi na watumiaji wa kompyuta katika sayansi



Nimekuja kuzungumzia jambo ambalo kwa kawaida huzungumzwa na watu watatu wanne tu, wamesimama mbele ya dirisha lililoganda. Naona humu wamo watakwimu, wanajiografia na wahandisi, pamoja na wanafunzi wa kompyuta. Nitajitahidi nisimwache yeyote njiani, na wale wanaoyajua haya kuliko mimi nawaomba subira mpaka hoja ya tatu.

Kusudi langu ni kueleza kwa nini dirisha lenye grafu na konsoli tunayoandikia amri hugombana, na jinsi zilivyopatanishwa. Nitatumia lugha ya Python, kwa kuwa ndiyo wengi wenu mnayofanyia kazi, na kwa kuwa historia ya upatanisho huo inasomeka wazi katika msimbo wake. Dai langu ni moja. Kompyuta inayomsubiri binadamu ina mali mkononi, nayo ni ule muda wa kusubiri. Ugomvi huisha pale anayesubiri anapokubali kumkopesha mwenzake muda huo, kwa sharti la kurudishiwa mara tu anapouhitaji. Nitalijenga dai hili kwa hoja tano.

HOJA YA KWANZA: Konsoli na dirisha zote mbili ni wasubiriaji

Tuanze na konsoli. Python ikiwashwa huweka alama ya kukaribisha, >>>, kisha husubiri. Mstari ukiingia huusoma, huutekeleza, huchapa jibu, halafu hurudi kusubiri. Ni mtindo uliozoeleka tangu enzi za lugha ya Lisp, na mtafiti anaupenda kwa sababu unamruhusu kuhoji data zake hatua kwa hatua: anauliza wastani, anaona jibu, jibu linamzalia swali jingine.

Dirisha nalo lina mzunguko wake. Kila ukisogeza kipanya, ukibofya kitufe au ukivuta kona ili kulipanua, mfumo endeshi huweka taarifa ya tukio hilo kwenye foleni. Programu yenye dirisha huchukua tukio la mbele, hulishughulikia, kisha hurudi kwenye foleni. Foleni ikiwa tupu, husubiri. Kati ya maktaba za madirisha, Tk huuita mzunguko huo mainloop, Qt huuita exec, GTK huuita main. Majina ni tofauti, kazi ni ileile.

Sasa angalieni kinachofanana. Hata mwandishi mwepesi wa vidole huacha karibu sehemu ya kumi ya sekunde kati ya herufi na herufi, na akianza kufikiri huacha dakika nzima. Dirisha nalo linaweza kukaa saa nzima bila kuguswa. Kwa hiyo wingi wa kazi siyo chanzo cha ugomvi, maana kazi yenyewe ni chache mno. Chanzo ni namna ya kusubiri. Konsoli husubiri ndani ya wito unaojua kibodi peke yake. Dirisha husubiri ndani ya wito unaojua foleni ya matukio peke yake. Thredi, yaani mfuatano mmoja wa utekelezaji, ikishalala katika wito mmoja, haina habari na kinachotokea kwingine.

Matokeo yake mnayafahamu. Ukiandika plt.show, amri ya matplotlib ya kuonyesha grafu, katika programu ya kawaida, dirisha hushika mzunguko na alama ya kukaribisha hairudi mpaka ulifunge. Ukijaribu njia ya pili, ukaliunda dirisha na kurudi kwenye konsoli bila kuendesha mzunguko wake, dirisha huganda: halipanuki, halifungiki. Katika Windows, dirisha lisilochukua ujumbe wake kwa sekunde 5 mfumo hulihesabu kuwa limekwama, na mtumiaji huambiwa kwamba programu haijibu.

(Wanaocheka hapo nyuma, nadhani yamewakuta wiki hii.)

Wahenga walisema manahodha wengi, chombo huenda mrama. Konsoli imeandikwa kama nahodha pekee, na mzunguko wa dirisha umeandikwa hivyohivyo: ukiuita, unashika usukani na hauuachi mpaka safari iishe. Swali la wahandisi lilikuwa nani ashike usukani, na mwenzake apate nafasi lini.

HOJA YA PILI: Kuongeza thredi hakukuleta amani

Jibu la kwanza linalomjia mtu ni rahisi. Kama thredi moja haitoshi, ziwe mbili: moja ya konsoli, nyingine ya dirisha. Jibu hili lilijaribiwa kwa dhati, na tunaweza kujifunza kutokana nalo.

Mwaka 2001 Fernando Pérez, wakati huo mwanafunzi wa shahada ya uzamivu ya fizikia huko Boulder, Colorado, alianza kuandika IPython, konsoli ya Python iliyokusudiwa wanasayansi. Miaka michache baadaye John Hunter, mtafiti wa ubongo, alitoa matplotlib, maktaba ya kuchora grafu ambayo leo karibu kila mtafiti anayetumia Python ameigusa. Zana hizi mbili zilihitajiana tangu mwanzo: moja ni ya kuuliza, nyingine ni ya kuonyesha, na mtumiaji anataka yote mawili kwa wakati mmoja.

IPython ya siku zile iliwashwa kwa swichi maalumu: -gthread kwa GTK, -wthread kwa wxPython, -qthread kwa Qt, na -pylab kwa anayetaka mambo ya kuchora yawe tayari. Ndani yake thredi mbili zilifanya kazi. Mzunguko wa dirisha ulikaa kwenye thredi kuu. Konsoli ilisoma kibodi kwenye thredi ya pili, na mstari ulioandikwa haukutekelezwa hapo uliposomwa. Uliwekwa kwenye foleni, taima ya upande wa dirisha ikaja kuuchukua na kuutekeleza kwenye thredi kuu.

Kwa nini mzunguko huo wote? Kwa sababu maktaba za madirisha haziruhusu kuguswa na thredi yoyote tu. Qt inataka vipengele vyote vya dirisha vishughulikiwe kwenye thredi kuu. Cocoa, mfumo wa madirisha wa macOS, ina sharti kama hilo. Ukilivunja hupati ujumbe wa kosa unaosomeka. Mara nyingi programu nzima huanguka, au thredi mbili hubaki kila moja ikiisubiri nyingine hadi mwisho wa dunia.

Palikuwa na maudhi mengine. Mtumiaji alilazimika kuamua aina ya madirisha kabla ya kuanza kazi. Akibadili nia, anafunga kila kitu na kuanza upya, data zake zote zikipotea kwenye kumbukumbu. Tena Python huendesha vishughulikiaji vya ishara kwenye thredi kuu tu, kwa hiyo kubonyeza Ctrl-C ili kukatisha hesabu iliyokwenda kombo kukawa jambo la kubahatisha.

Nisieleweke vibaya. Thredi zina kazi yake, nami nitazirudia katika hoja ya tano. Ninachosema ni kwamba hapa zilipewa kazi isiyo yake. Wasubiriaji wawili hawakukosa nguvu za kufanya kazi. Walikosa mahali pa kusubiri pamoja.

HOJA YA TATU: Agano la kukopeshana muda

Sasa nifike kwenye kiini cha mhadhara.

Ndani ya Python, upande wa lugha ya C, kuna kielekezi kinachoitwa PyOS_InputHook. Huwa kitupu. Lakini ukikielekeza kwenye fanksheni yako, Python itaiita fanksheni hiyo kila inapokaribia kukaa bure mbele ya alama ya kukaribisha, ikisubiri mtu aandike. Kwa maneno mengine, konsoli inatangaza: sasa nasubiri, mwenye haja ya muda huu autumie.

Agano lenyewe lina masharti matatu. Kwanza, fanksheni hiyo huingia wakati binadamu yuko kimya. Pili, ikiwa ndani hushughulikia matukio ya dirisha: huchora upya, hujibu mibofyo, huendesha taima. Tatu, na hili ndilo sharti la uungwana, hutoka mara tu herufi inapoingia kwenye kibodi. Isipotoka, konsoli imekufa. Ikitoka mapema mno, dirisha linakwamakwama.

Tk ni mfano mzuri wa kuyatimiza haya. Moduli ya Tk iliyomo ndani ya Python hujiandikisha yenyewe kwenye kielekezi hicho. Zamu yake ikifika, huongeza kibodi kwenye orodha ya vitu inavyovisubiri, kando ya matukio ya dirisha. Hapo kusubiri kumekuwa kumoja: chochote kitakachotangulia, herufi au mbofyo, ndicho kitakachoiamsha. Ikiwa ni mbofyo, huushughulikia na kuendelea. Ikiwa ni herufi, huondoka. Ndiyo maana tangu zamani mtu aliweza kuandika mistari miwili ya Tk kwenye konsoli ya kawaida ya Python na kuona dirisha hai bila kuita mainloop. Wengi waliona na hawakujua kwa nini.

Maktaba ya readline, inayotupa historia ya amri na uhariri wa mstari, ilikuwa na jambo lake. Python ikitumia readline haisubiri kibodi bila kikomo kama kielekezi kimewekwa. Husubiri kwa vipande vya sekunde 0.1, na baada ya kila kipande huita fanksheni iliyosajiliwa. Kwa hiyo hata maktaba ya madirisha isiyoweza kusikiliza kibodi hupata zamu yake karibu mara kumi kwa sekunde.

Hapa pana njia mbili, na mhandisi lazima achague. Njia ya kwanza ni kusubiri kwa pamoja, kama ilivyo kwa Tk kwenye mifumo ya jamii ya Unix: mfumo endeshi wenyewe hutuamsha, na kabla ya hapo prosesa imepumzika. Njia ya pili ni kuchungulia: amka, angalia foleni, angalia kibodi, lala kidogo, rudia. Kuchungulia ni rahisi kuandika na hufanya kazi karibu kila mahali, lakini kuna gharama. Ukichungulia mara nyingi mno unakula betri ya kompyuta ya mkononi bila sababu. Ukichungulia kwa nadra, grafu unayoivuta kwa kipanya inafuata kwa kuchelewa. Viunganishi vya dirisha na konsoli vilivyoandikwa kwa uangalifu hubadili mwendo: hulala kidogo sana wakati matukio yanamiminika, na hulala zaidi dirisha likiwa limetulia.

Toleo la IPython 0.11, lililotoka mwaka 2011, lilizitupa zile thredi na kuhamia kwenye agano hili. Waandishi wake walikifikia kielekezi cha C kwa kutumia moduli ya ctypes, bila kuandika hata mstari mmoja wa C. Tunda ambalo mtumiaji alilionja ni amri moja, %gui. Ukiandika %gui qt katikati ya kazi, madirisha ya Qt yanakuwa hai papo hapo. Hufungi kitu, hupotezi data, na Ctrl-C inarudi kukatisha hesabu kama inavyotakiwa.

HOJA YA NNE: Agano ni lilelile, hata usukani ukibadili mikono

Mtu anaweza kusema kwamba haya ni mambo ya Python tu. Sivyo. Watakwimu wanaotumia R kwenye Linux wameona kwamba dirisha la grafu hujichora upya likipanuliwa, ingawa konsoli iko wazi inasubiri amri. R husubiri kibodi pamoja na vyanzo vingine vilivyosajiliwa, mfumo wa madirisha ukiwa kimojawapo. Ni lugha tofauti na waandishi tofauti, lakini wazo ni lilelile.

Agano hili limevuka pia mabadiliko ya zana. Mwaka 2016 IPython 5 iliachana na readline ikachukua prompt_toolkit, maktaba iliyoandikwa kwa Python yenyewe, inayopaka rangi msimbo unapouandika. Readline ilipoondoka, kielekezi cha zamani hakikuwa tena na wa kukiita. Basi maktaba mpya ilijiwekea utaratibu wake: ikikaribia kusubiri huita fanksheni iliyosajiliwa na kuipa njia ya kujua kama kibodi imeguswa. Ingia wakati wa ukimya, fanya kazi, toka ukiitwa. Sharti hata moja halikubadilika.

Kinachovutia zaidi kilitokea kwenye madaftari ya Jupyter, mradi uliozaliwa kutoka IPython mwaka 2014. Huko keneli, yaani ile programu inayotekeleza msimbo wako, haina kibodi. Amri huifikia kama ujumbe kupitia soketi za ZeroMQ, maktaba ya kupitishia ujumbe. Kama hakuna kibodi, nani atakopesha muda? Jibu lilikuwa kugeuza uhusiano. Ukiomba madirisha ya Qt ndani ya keneli, mzunguko wa Qt hushika usukani, na soketi ya ujumbe husajiliwa kwake kama chanzo kimojawapo cha matukio. Amri yako mpya inaingia kwenye foleni ileile ya mibofyo.

Hapa kuna mtego ambao wanafunzi wa mitandao watauthamini. Soketi ya ZeroMQ hutoa ishara pale hali inapobadilika, na haikumbushi tena kwamba bado kuna ujumbe haujasomwa. Anayeamshwa akasoma ujumbe mmoja na kurudi kulala anaweza kuacha mwingine ndani, na daftari likaonekana limekwama ilhali kazi ipo. Dawa ni kusoma mpaka soketi iwe tupu kabla ya kulala. Somo lake ni pana kuliko ZeroMQ: kabla hujalala mahali, lijue vizuri jambo litakalokuamsha.

HOJA YA TANO: Mkopo una mipaka, na mipaka hiyo ituongoze tunavyoandika programu

Kama muda unaokopeshwa ni muda wa kusubiri, basi pasipo kusubiri hakuna mkopo. Ukiandika amri ya hesabu inayochukua dakika 20, konsoli iko kazini dakika zote hizo na dirisha litaganda. Wengi huliona hili kama kasoro ya matplotlib. Ni tokeo la agano lenyewe, na anayelielewa ana njia tatu za kwenda.

Njia ya kwanza ni kutoa zamu kwa hiari katikati ya hesabu. Katika matplotlib, plt.pause na flush_events hufanya hivyo: kila baada ya hatua kadhaa unaruhusu matukio yashughulikiwe, kisha unaendelea. Lakini mwe macho. Ukishughulikia matukio katikati ya hesabu, mtumiaji anaweza kubofya kitufe kilekile kilichoianzisha, na hesabu ya pili ikaanza juu ya data ambazo ya kwanza imezibadilisha nusu. Anayetoa zamu hivi azime kwanza vitufe vinavyoweza kuleta madhara.

Njia ya pili ni kuikata hesabu vipande vifupi na kuvikabidhi kwa taima ya dirisha, kipande kimoja kila zamu.

Njia ya tatu ndipo thredi na michakato tofauti vinaporudi mahali pake panapostahili. Dirisha libaki kwenye thredi kuu. Hesabu ndiyo ihamishwe, na matokeo yarudi kwa foleni. Huko nyuma tulikuwa tunaihamisha konsoli. Kumbe mzigo uliohitaji kuhamishwa ni ule wenye kazi nzito.

Kutokana na haya nawaachia waandishi wa maktaba kanuni tatu. Maktaba iunde dirisha, lakini isiendeshe mzunguko bila kuombwa, kwa sababu haijui kama ipo ndani ya programu kamili, konsoli au daftari. Kabla ya kuunda QApplication mpya, yaani kitu kikuu cha programu ya Qt, iulize kwanza kama ipo nyingine tayari. Na isichanganye madirisha ya aina mbili, kwa mfano Tk na Qt, ndani ya kikao kimoja, kwa maana kila moja inadai muda uleule.

Walimu, kwenu nina ombi dogo. Mwanafunzi akilalamika kwamba dirisha limeganda, msimpe amri ya kunakili kisha mkaondoka. Mwulizeni: kwa sasa programu yako inasubiri wapi? Swali hilo moja litamfaa kwenye grafu, kwenye seva za mtandao, na kwenye programu za simu.

TUNAKOELEKEA

Mheshimiwa Mwenyekiti, naona muda wangu mwenyewe unakwisha, kwa hiyo nitazame mbele.

Mambo matatu yanakuja kwa kasi. La kwanza ni konsoli zenyewe kubadilika. Oktoba 2024 Python 3.13 ilitoka na konsoli mpya iliyotokana na msimbo wa mradi wa PyPy, yenye rangi na uhariri wa mistari mingi, na wajenzi wake walihakikisha kwamba PyOS_InputHook bado inaheshimiwa. Toleo hilohilo lilileta, kwa majaribio, Python isiyo na lile kufuli kuu lililozuia thredi mbili kutekeleza msimbo wa Python kwa wakati mmoja. Wapo watakaosema kwamba sasa thredi zitatatua kila kitu. Hesabu zitanufaika sana, na njia ya tatu niliyoitaja itakuwa nyepesi zaidi. Lakini sharti la Qt na Cocoa kuhusu thredi kuu halitokani na kufuli la Python, na halitaondoka pamoja nalo.

La pili ni msimbo usiosubiri mahali pamoja. Tangu IPython 7 ya mwaka 2018 unaweza kuandika await moja kwa moja kwenye konsoli, na mzunguko wa asyncio, maktaba ya Python ya msimbo wa namna hiyo, umekuwa msubiriaji wa tatu. Meza ya mazungumzo imepanuka, na masharti ya kukopeshana lazima yaandikwe kwa uwazi zaidi.

La tatu ni kivinjari. Miradi kama Pyodide huendesha Python ndani ya kivinjari, ambacho mzunguko wake wa matukio haukubali kabisa kushikwa na mtu mwingine. Huko hakuna atakayeuliza nani ashike usukani. Jibu limeshatolewa, na kazi yetu ni kuandika programu zinazojua kuachia.

Kwa vijana mlio hapa, kazi hii iko wazi na haihitaji maabara ya gharama. Msimbo wa viunganishi hivi ni huria, kila kimoja ni faili fupi, na mtu mwenye kompyuta ya kawaida anaweza kukisoma kwa jioni moja. Chagueni maktaba moja ya madirisha, andikeni kiunganishi chake kutoka mwanzo, mpime kinakula prosesa kiasi gani dirisha likiwa limetulia, kisha mlinganishe na kilichomo ndani ya IPython. Mkipata kilicho bora, kitumeni kwa wenye mradi. Atakayeifanya kazi hiyo mpaka mwisho atakuwa tayari kuandika zana ambazo watafiti wetu wanazihitaji: za kuhoji data na kuziona papo hapo, bila dirisha kuganda wala konsoli kufungwa.

 Sasa nayakaribisha maswali, na kadiri yatakavyokuwa makali ndivyo tutakavyojifunza zaidi.